Mchezaji wa Kulipwa Kutoka Luksembagi

Barua niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo kijijini kwetu Daudi, huku milimani, wapo wanaosema iliandikwa na mwalimu wa jiografia, na mwalimu wa watu hana kosa lolote. Bahasha tu ndiyo ilikuwa yake.

Ilikuwa mwaka jana, nikiwa kidato cha pili. Dereva wa lori la shamba la ngano alipanda kwetu kununua viazi vya wafanyakazi, akatuambia timu yao hufungwa na timu ya shamba jirani kila mwisho wa mavuno. Meneja amechoka, akasema, anatafuta mchezaji wa kulipwa. Sasa mimi nyumbani nilikuwa na kaka. Kaka yangu ana mguu wa kushoto ambao ukitaka kupiga mpira, golikipa anasali kwanza. Lakini nani alimjua? Ng'ombe wetu walikuwa wamewekwa kwa mzee mmoja mfugaji wa Dirma, kule tambarare, rafiki wa baba, na baba alipofariki mtu akahitajika kwenda kuwaangalia. Kaka akaacha shule darasa la sita, akachunga huko miaka mitatu, kisha akarudi nao nyumbani. Mimi nikaendelea na masomo, na matunda ya masomo yangu ndiyo haya:

“YAH: KUREJEA NCHINI KWA MCHEZAJI WA KULIPWA. Ndugu Katibu wa Michezo, husika na somo hapo juu. Aliyetajwa amecheza Luksembagi kwa mafanikio makubwa, amerudi kumsalimia mama yake.”

Luksembagi niliipata kwenye atlasi. Nchi kubwa ni hatari. Ukisema Uingereza atatokea mtu aliyesomea huko. Mimi nilitaka nchi ndogo kiasi kwamba mchora ramani ameshindwa kuandika jina ndani, ameliweka pembeni na mshale.

Jibu lilirudi na lori lilelile: aje upesi. Likizo ilikuwa imeanza, nikafuatana na kaka kama msimamizi wake. Kaka alijua anakwenda kujaribiwa mpira, basi. Mengine nilimwambia tukiwa juu ya magunia ya viazi, lori likiteremka mbio kuelekea tambarare, mahali ambapo mtu hawezi kuruka.

“Nimewaandikia umetoka Luksembagi.”

“Luksembagi ni wilaya gani?”

“Ni nchi. Iko Ulaya.”

Akashika gunia kwa mikono miwili. “Kuna nini huko?”

“Baridi.”

“Mimi sisemi uongo, unanijua.”

“Kwani Daudi hakuna baridi? Wewe kila ukiulizwa sema baridi.”

Katibu wa michezo alikuwa mtu mnene, mwenye kaptula iliyopigwa pasi kama barua. Alimshika kaka mkono kwa mikono yake miwili.

“Karibu sana, mwanamichezo! Habari za Luksembagi?”

“Baridi,” kaka akasema, akitazama chini.

“Na ligi ya huko ikoje?”

“Baridi.”

Katibu akanigeukia mimi, macho yanang'aa. “Ni mnyenyekevu!”

“Ndivyo wanavyofundishwa,” nikamjibu.

Mazoezi ya kwanza kaka alivua viatu, kwa sababu hajawahi kucheza na viatu. Mazoezi ya pili nusu ya timu ilikuwa peku. Alipomaliza aliinama akang'oa miiba nyayoni kwa ncha ya kifungua kopo, na beki wa kulia akaniuliza kwa adabu kama chombo hicho kinauzwa Arusha.

Sasa, kwenye vitabu vya shamba hakukuwa na kazi iitwayo mpira. Kila mchezaji aliandikwa kitu kingine. Golikipa alikuwa mpishi ambaye hajui jiko liko wapi, na kaka yangu, ambaye hata baiskeli inamtupa, akaandikwa dereva wa trekta. Kwa muda tu. Meneja alimwita akamwambia wazi, nami nikisikia:

“Kijana, tukiwafunga jirani, nakuandika ajira ya kudumu, na nyumba ya bati. Tukifungwa, unarudi ulikotoka.”

Jioni ile kaka aliniuliza maswali matatu kuhusu nyumba ya bati. Inavuja? Ina vyumba vingapi? Mama akija, atapata pa kupanda maharage? Tangu aache shule sikuwahi kumsikia akitaka kitu. 

Tatizo lilikuwa sauti. Kaka haongei, na mshambuliaji lazima aite. Basi akawafundisha miluzi, ile aliyoijua yeye. Mmoja mfupi: nipe mpira. Mzito wa chini: simama hapohapo. Na ule mrefu unaopanda, wote mbele! Wiki mbili timu ikawa inacheza kama mtu mmoja. Katibu aliandika miluzi yote kwenye daftari, juu yake akaandika “Mfumo wa Ulaya”.

Siku ya mechi kila mtu alikuja. Uwanja ulikuwa kati ya banda la matrekta na ngano ya mwisho ambayo haijavunwa, mistari imechorwa kwa majivu. Hata askari wa shamba, wale ambao kazi yao ni kuzuia ng'ombe wa wafugaji wasisogee, waliacha zamu wakaja kukaa mbele kabisa. Kwa hiyo ng'ombe nao walisogea. Kundi zima lilikuwa linapita kwenda majini, na wachungaji wake wakasimama kwa mikuki yao kuona watu wazima wanagombania nini.

Tukawa tumefungana bao moja kwa moja, zimebaki dakika chache. Kaka akapata mpira katikati, akaona nafasi, akapiga ule mluzi mrefu.

Timu yetu yote ilikwenda mbele. Na ng'ombe wote walikuja.

Hapo ndipo nilipojua ule mluzi ulikuwa wa nini. Kule Dirma ndio wa kuwaitia ng'ombe magadi, ile chumvi ya ardhini wanayoipenda kuliko majani. Waliingia kama shule iliyofunguliwa geti. Refa akapuliza kuotea, hawakumjali. Walitafuta chumvi, hawakuiona, wakaanza kulamba mistari. Walilamba kona. Walilamba nusu ya eneo la penalti. Golikipa wa jirani alipoona dume lenye nundu linamjia na ulimi nje, akapanda juu ya mwamba wa goli.

Goli wazi. Mpira uko mguuni kwa kaka, mguu wa kushoto. Meneja amesimama juu ya tela anapasuka koo: “Funga! Funga, Luksembagi!”

Lakini ng'ombe walioona majivu hayana ladha walikuwa wameanza kuelekea kwenye ngano. Ng'ombe akikutwa ndani ya ngano anakamatwa, hilo hata mtoto wa tambarare analijua, na askari walikuwa wameshasimama. Kaka akautazama mpira. Akawatazama ng'ombe. Akauacha mpira palepale, akakimbilia upande wa ngano, akapiga ule mluzi mzito wa chini.

Ng'ombe wakasimama. Timu yetu pia ikasimama, wote kumi, kama tulivyowafundisha. Mshambuliaji wa jirani akauchukua mpira, akatembea nao, narudia tena, akatembea, akawapita wachezaji wetu waliokakamaa, akafunga.

Mbili kwa moja.

Mzee mwenye ng'ombe akaja mbio na shuka lake, akasimama mbele ya kaka. “Huu mluzi nimefundisha mimi! Mwanangu, umekua hivi?”

“Shikamoo baba,” kaka akasema.

Katibu akafika anahema. “Mzee, huyu unamjua wapi?”

“Amelala kwangu miaka mitatu. Dirma.”

“Dirma,” katibu akarudia, akafungua daftari lake, akalifunga.

Nilitafuta pa kujificha, pakawa hakuna, mistari yenyewe imelambwa. Meneja alishuka kwenye tela polepole. Hakugomba. Alimtazama kaka, akatazama ngano, haijaguswa hata suke.

“Mpira basi,” akasema. “Lakini nakuandika mlinzi. Kazi ya kudumu, nyumba ya bati ileile. Utafukuza ng'ombe kwenye ngano.”

“Ng'ombe wa nani?”

“Wa hawahawa.”

Kaka alimtazama yule mzee. Kisha akavua jezi, akaikunja vizuri kama kitambaa cha altare ya kanisa, akamkabidhi katibu. “Asante baba meneja,” akasema. Hilo tu. Katika lori alilala njia nzima, au alijifanya amelala. Nilimuomba msamaha mara nne. Mara ya nne alisema, “Nimekusikia tangu ya kwanza.”

Nyumbani alimsalimia mama, akala, akaenda kujilaza mchana kweupe. Mimi nikabaki jikoni, nikamweleza mama yote: barua, bahasha, mluzi, ngano, ile nyumba ya bati aliyoikataa. Nilisimama karibu na mlango, tayari kwa mbio. Mama aliendelea kuchambua maharage mpaka nikamaliza, kisha akasema hivi, neno kwa neno:

“Muache mwenzako alale, amecheza mpira. Ng'ombe kesho utawatoa wewe. Na siku ukiandika barua nyingine uniambie kwanza, nijue nimezaa watu wa nchi gani.”