Neno la Kushiba

Ndugu zangu, ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo nanyi mcheke.

Juzi nilikwenda Kibakwe kuposa. Tuliketi mbele ya tembe, mimi na baba wa binti, katikati yetu sinia la ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Mzee akauliza yule Mwingereza wa misheni ninakosoma ananifundisha nini, ilhali nchi hii inatawaliwa na Mdachi, yaani Mjerumani.

Basi nikaota mbawa. Nikamwambia Waingereza wana neno lao, “ful”. Mtungi ukijaa ni ful, mwezi ukiwa mpevu ni ful, mtu akishiba ni ful. Wadachi nao husema “fol”, maana hapo kale mababu zao walikula chungu kimoja. Mwezi ulikuwa ukichomoza nyuma ya vilima, mwekundu kama kaa la moto, nami nikaona umejaa kwa ajili yangu. Nilisema, nikamega, nikachovya, nikaelea. Mzee alikuwa amekwisha kunawa kitambo. Nikadhani elimu yangu imemshibisha.

Vidole vilipogusa sinia tupu, ndipo nikazinduka. Jamani! Hata mtoto anajua kwamba wanaume wakila hubakiza, na wa ndani hula kilichobaki. Na mwaka huu mvua imekataa.

Mzee akakohoa. Kutoka ndani ya tembe, sauti ya binti niliyekwenda kumposa ikasema taratibu, “Baba, hebu muulize mgeni. Sisi ambao hatujala, Waingereza wanatuitaje?”