Barabara, Treni na Senge Rasoa

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile ya baraza kwenye uwanja wa soko, hapa Shianda. Nilikuwa dereva wa trekta la miwa, kijana wa sauti kubwa na kichwa kigumu. Maafisa walikuja kutuuliza: pesa za eneo letu zipanue barabara, au zitengeneze stesheni ili treni ya abiria ya kwenda Kisumu isiache kuja?

Mimi nilijua barabara tu. Kila msimu wa mvua trekta langu lilizama kwenye matope, miwa ikakauka njiani. Nikawakusanya madereva wenzangu, tukajaza viti vya mbele. Senge Rasoa, dada ya baba yangu, aliposimama kuitetea treni, tulimzomea mpaka akaketi. Nami nilizomea, sikufichi.

Pesa zote zikaenda barabarani. Haukupita muda, treni ikaacha kuja.

Siku moja nilipita kwa senge. Akanipikia obusuma, ugali wetu, na mboga, akangoja nishibe kwanza, ndivyo alivyokuwa. Kisha akanieleza kwamba yeye na wenzake walikuwa wakipeleka ndizi Kisumu kwa treni, kwa sababu nauli yake waliimudu. Sasa alikuwa ameacha biashara.

"Barabara uliihitaji, Makokha, sikatai," alisema taratibu. "Lakini hukuniuliza mimi nasafiri na nini."

Baadaye nilirudi kumwomba msamaha, akanisamehe. Biashara yake haikurudi.

Mwezi uliopita kukaitwa kikao kama kile Kakamega mjini. Vijana wa boda boda upande huu wakidai barabara, wachuuzi na wanafunzi upande ule wakidai treni, na kila upande unataka pesa zote. Nikaomba nafasi. Nikasimulia nilichomfanyia senge yangu, nikawasihi kila upande useme kwanza shida ya upande wa pili. Walicheka kidogo, kisha wakajaribu. Msichana anayeuza nyanya alieleza jinsi mashimo yanavyowaangusha wenye boda. Kijana mmoja wa boda akakiri kwamba treni ikirudi, abiria watahitaji mtu wa kuwafikisha stesheni.

Kabla ya jioni wakakubaliana: ianze barabara inayofika stesheni, kisha pesa zitakazobaki zigawanywe kati ya lami na reli. Maafisa bado hawajaamua, lakini karatasi ya makubaliano yao ina sahihi za pande zote mbili, na sijawahi kuona jambo kama hilo.

Basi, mwanangu, ukiitwa kutoa maoni juu ya mali ya wote, usibebe shida yako peke yake. Mtafute kwanza mtu asiyepita njia yako, umuulize anafikaje aendako. Ukikuta mahitaji mawili yote ni ya kweli, usikubali moja lizikwe kwa kelele. Na ukikosea kama mimi, sema mbele za watu. Aibu yake haiui.

Mungu akupe sikio la kusikia na ulimi wa kiasi. Akulinde kwenye lami na kwenye reli, na kila urudipo uwakute watu wako wazima.