Ugonjwa wa Rais wa Marekani, Kama Ulivyotangazwa Garsen

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Habari alinipandisha nyuma ya gari la matangazo, akanionyesha pa kusimama. "Mimi nasoma kwa Kiswahili, wewe unageuza kwa Kiorma na Kipokomo," alisema. "Usiongeze, usipunguze." Nilikuwa kijana wa kijiji cha Wema, Mpokomo niliyejifunza Kiorma kwa wafugaji walionywesha ng'ombe karibu na shamba letu.

Nyinyi wa simu hamwezi kuijua kazi hiyo. Redio zilikuwa chache. Siku ya soko tuliegesha gari mjini Garsen, tukafunga vipaza sauti juu ya paa, vile vyenye mdomo kama tarumbeta, tukaviunganisha na betri, na watu wakaja kusikiliza habari za dunia. Barabara ikiwa kavu tulifika hata Kilelengwani.

Kisa cha rais wa Marekani, miaka ya sabini, tulikitangaza kwa muda mrefu. Watu walikamatwa ndani ya ofisi za chama pinzani. Rais akasema hahusiki. Kisha ikajulikana kwamba ofisini mwake mwenyewe mlikuwa na mitambo ya kunasa mazungumzo. Mahakama ikaamuru azitoe kanda, na humo ikasikika sauti yake akikubali wapelelezi wazuiwe. Wazee wa Kiorma walinisimamisha njiani: "Yule mtu wa kanda amefikia wapi?"

Asubuhi moja redio ikasema amejiuzulu. Afisa alifunga mlango wa ofisi.

"Tutasema ameacha kazi kwa sababu ya ugonjwa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ugonjwa gani, bwana mkubwa?"

"Watu wakizoea kusikia rais ameng'oka kwa sababu ya uongo wake, kesho watauliza ya hapa. Panda gari."

Sokoni alisoma hivyo hivyo, sauti imara kabisa. Kabla sijafungua kinywa, Mama Halima, Msomali mwenye duka la nguo, alipaza sauti kwa Kiorma. Afisa hakujua hata neno moja la lugha ile. Akaniuliza, maikrofoni ikiwa wazi, "Anasema nini huyo?"

Kazi ilikuwa ndiyo hiyo tu niliyokuwa nayo. Nikasogea kwenye maikrofoni, nikageuza kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa: "Anasema redio yake imetangaza kwamba rais huyo hakuugua. Alificha uovu, kanda zikamuumbua. Anauliza kwa nini unamfichia."

Kisha nikayarudia kwa Kipokomo. Afisa alichomoa waya wa betri kwa mkono wake.

Nilihamishiwa Nanighi, mbali na soko na mbali na nyumbani. Nilifanya kazi chini ya maafisa wengine, wakali na wapole, mpaka nikastaafu, na hakuna aliyewahi kuniambia nilikosea wala nilifanya vyema.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Afisa yule mjini Hola, naye amestaafu, anatembelea mkongojo. Tulikunywa chai. Siku zote nilikuwa nimeamini kwamba amri ile ilitoka juu, kwa mkubwa fulani, naye maskini aliogopa. Nikamuuliza ni nani aliyemtuma.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kunituma? Hakuna aliyenituma," alisema. "Hakuna hata aliyepiga simu."

Mpaka leo nikikumbuka jibu lile mwili hunisisimka zaidi kuliko ulivyonisisimka kwa kanda zote za Marekani.