Majina Yaliyokuwa Kwenye Diski ya Mwalimu Wasike

Sikuapii, maana nimeona mtu akianza kuapa ndipo watu huanza kumtilia shaka. Nakuambia tu kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, saa kumi za mchana, katika karakana ya redio mjini Kitale. Fundi Barasa, mwenye karakana, yuko hai. Ukimuuliza atakwambia kwamba alimwona yule mzee na akampa kiti. Kwa hiyo usiniambie niliota.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja kabla ya hapo. Nilisomea kompyuta, na kazi sikuwa nayo. Barasa alinipa pembe ya meza yake nitengeneze kompyuta za watu, akaniita Injinia kwa kunicheka. Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Naweza kufungua skrubu moja, nikaifunga, kisha nikaifungua tena nione kama nilikuwa nimeifunga vizuri. "Injinia," Barasa alikuwa akisema, "hiyo mashine haiponi kwa kuangaliwa."

Siku moja akaja Nekesa, tuliyesoma naye chuoni, ambaye alikuwa ameolewa Kamukuywa. Alibeba gunia la sukari lenye kitu kizito ndani, na mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akilia. Nimesikia watoto wengi wakilia, lakini kilio kile hakikuwa cha njaa wala cha usingizi. Kilikuwa kama cha mtu anayeita na haitikiwi.

"Ana wiki saba," alisema. "Analala akichoka tu, akiamka anaendelea. Hospitali ya Bungoma wamempima kila kitu, ati hana shida. Lakini si unaona mikono yake?"

Niliiona. Ilikuwa myembamba kama vijiti vya kiberiti.

Kwetu, sisi ambao babu zetu walihamia Trans Nzoia kutoka Nyeri, jina la mtoto linajulikana kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza ni babu yake mzaa baba, hakuna mjadala. Kwa kina Nekesa si hivyo. Mtoto akilia bila sababu, husemwa kuna marehemu anayetaka apewe jina lake. Basi mtoto hushikwa mikononi na majina ya waliokufa huitwa mbele yake, moja baada ya jingine. Akinyamaza, hilo ndilo jina.

"Tumeita yote tunayojua," Nekesa alisema. "Kukhu ameita mpaka sauti imekauka." Kukhu ni nyanya, alimaanisha mama mkwe wake. "Yaliyobaki aliyajua baba mkwe peke yake, na yeye alishatuacha."

Baba mkwe huyo alikuwa Mwalimu Wasike. Kwa miaka mingi alizunguka akiwauliza wazee majina ya wafu wa ukoo wake ili watoto wasikose. Daftari lake la kwanza liliharibiwa na mchwa, ndipo akayahamishia kwenye kompyuta aliyokuja nayo kutoka masomoni ng'ambo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya gunia: kompyuta ya zamani ya nyumbani, ambayo yote imo ndani ya kibodi na huunganishwa kwenye TV. Pamoja nayo kulikuwa na draivu yake ya kusoma diski, na diski moja yenye maandishi ya kalamu: MAJINA.

Niliifungua draivu. Mkanda mdogo wa mpira unaozungusha diski ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Kitale nzima sikupata mkanda kama huo. Nikaitia ile diski kwenye kompyuta ya kawaida. Kompyuta ikasema diski haijaandaliwa, je, niiandae? Fikiria! Ningebonyeza ndiyo, ukoo mzima ungefutika. Niliuondoa mkono kama niliyepigwa na stima.

Njia iliyobaki ilikuwa moja tu: kuchukua draivu ya kompyuta ya kawaida na kuiunganisha na ile ya Mwalimu. Ukiziangalia utadhani ni ndugu. Tundu ni lile lile, na waya ni ule ule mpana kama utepe, wenye nyuzi thelathini na nne. Lakini siku mbili nilizihangaikia na taa ya draivu haikuwaka hata mara moja. Nilipima nyuzi zote, nikazipima tena. Kila nilipoacha kupima nilisikia kilio cha mtoto yule kichwani.

Siku ya tatu mvua ikaanza, kama kawaida ya Kitale baada ya mchana. Mzee mmoja mrefu akaingia kujikinga.

"Karibu mzee, kaa mvua iishe," Barasa alimwambia, akamsogezea kiti.

"Itaisha," mzee akajibu. "Huko juu Kapsokwony nako inanyesha?"

"Itakosaje, na mlima uko pale?"

Mzee akacheka kidogo, kisha akanigeukia. Alinitazama nikibonyeza vitufe, nikingoja, nikibonyeza tena.

"Kijana, hicho unakiita?"

"Ndiyo, mzee."

"Hakiitiki."

Mimi nikiwa na wasiwasi huwa naeleza mambo. Nikamweleza kwamba kompyuta ina uzi wa kuita draivu ya kwanza na uzi mwingine wa kuita ya pili.

"Na hicho ni cha kwanza?"

Niliacha kubonyeza. Draivu za kompyuta za kawaida hutengenezwa zote zijione za pili! Kompyuta hizo huwa na waya uliosokotwa katikati wa kurekebisha jambo hilo. Nilijifunza hayo chuoni. Nilikuwa nimefikiria mambo mia moja nikaliacha hilo.

"Kinajiona cha pili," nikasema.

"Basi unamwita kwa jina la ndugu yake. Hata mimi nisingeitika."

Barasa alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Injinia, leo umefundishwa bana!"

Nikakata uzi wa kumi na wa kumi na mbili, zile mbili za kuita, nikazibadilisha nafasi. Taa ikawaka na diski ikazunguka. Lakini kwenye TV kompyuta ikasema draivu haiko tayari.

"Ameitika," mzee akasema. "Sasa wanangojana nini?"

"Kompyuta inataka aseme yuko tayari, kwenye uzi wa mwisho. Na huyu uzi huo anautumia kusema kitu kingine. Hajui kusema yuko tayari."

"Si umsemee? Wako wasioweza kujisemea."

Niamini, hakuna mhandisi ambaye angenipa jibu bora. Niliukata uzi wa thelathini na nne, nikaiachia draivu kipande chake, na kile cha upande wa kompyuta nikakiunganisha na uzi wa jirani, ambao ni wa ardhi, usiopitisha umeme. Tangu hapo kompyuta ingesikia "niko tayari" kila ilipouliza. Nikawasha. Draivu ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Maandishi yakajaa kwenye TV.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka ulisikie kosa lenyewe. Sisi wa kompyuta tumefundishwa kwamba, kabla ya kugusa kitu chochote, utoe nakala. Nilikuwa na diski tupu. Nikainakili ya Mwalimu yote, nikaitia nakala kwenye droo. Kisha nikasoma majina kutoka juu hadi chini, midomo ikinichezacheza kama ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kila jina lilikuwa na maelezo: alikufaje, na kama kuna mtoto aliyepewa jina lake.

"Teremka," mzee alisema nyuma yangu. "Teremka tena. Hapo."

Iliandikwa hivi: Khaemba. Kijana. Mvua ilimkuta akitoka Kapsokwony, mto ukamchukua. Hakuonekana tena. Hakuna mtoto.

Nilipogeuka kumuuliza kwa nini hapo, kiti kilikuwa kitupu.

"Ameondoka sasa hivi," Barasa alisema, "na mvua hii yote. Wazee wengine!"

Nikampigia Nekesa simu. "Jaribuni Khaemba kwanza," nilimwambia. Hakuniuliza chochote. Nilisikia kilio, kisha sauti ya mama mkwe wake, imekauka kama karatasi: "Kama ni wewe Khaemba, nyamaza tukupokee." Halafu kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Halo? Nekesa?"

"Amenyamaza," alinong'ona. "Amenyamaza, bana. Ananiangalia."

Jumamosi nilikwenda Kamukuywa na orodha niliyoinakili kwa mkono. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Kukhu alinichinjia kuku, na tulipomaliza kula nikamsimulia habari za mzee yule.

"Alikuwa wa umri gani?"

"Kama miaka sabini hivi, Kukhu."

Alisogeza sahani kando. "Khaemba alikuwa kaka yake Mwalimu. Alipotea akiwa na miaka ishirini na mbili, hata mimi sijaolewa, na sasa ni miaka arobaini na minane. Hatukumwita kwa sababu hatukumzika. Unawezaje kuita mbele ya mtoto jina la mtu ambaye labda bado yuko hai mahali? Kumbe Mwalimu alishakata tamaa akamwandika. Hakuniambia."

Nilipiga hesabu kichwani. Angekuwa hai angekuwa na miaka sabini. Barasa anasema ni rahisi: mto ulimtupa mahali, akaishi huko, akapita Kitale siku ile. Lakini kama aliishi, mtoto alinyamazia nini? Na kama alikufa akiwa kijana, huko waendako wafu, mtu huzeeka? Nimelifikiria jambo hili mpaka nimelala nalo na kuamka nalo.

"Na yale mengine uliyasoma?" Kukhu aliuliza.

"Yote. Kwa midomo tu. Na nilitoa nakala, ikiwa hii itaharibika."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeshika makaa.

"Mwanangu, majina haya huitwa mbele ya mtoto, ili aliyeitwa apate pa kuingia. Wewe uliyaita mbele ya nani?"

Nilimwambia ni mbele ya TV tu.

"Basi wamesikia. Sasa wanajua yalipo."

Nilirudi Kitale nikiwa nimeazimia kuifuta ile nakala. Nilifika mpaka kwenye swali la mwisho, ndiyo au hapana, na kidole kikagoma. Unawezaje kuwafuta watu? Diski ile bado iko kwenye droo.

Imepita miaka minne. Khaemba mdogo anakimbia, anavunja vikombe, na ana mashavu. Lakini tangu wakati ule, mvua ikinyesha, mara moja moja huingia mtu nisiyemjua, akakaa kwenye kiti kile na kuuliza jambo moja tu: Kamukuywa kuna aliyejifungua? Mara ya kwanza nilimpigia Nekesa kwa mzaha. Mke wa shemeji yake alikuwa amepata msichana alfajiri ile ile, na alikuwa akilia. Siku hizi sipigi kwa mzaha. Napiga tu, nawasomea majina ambayo hayajapata mtoto, nao wanaita.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja mwembamba mwenye kitambaa cha rangi ya udongo. Hakuuliza habari za Kamukuywa. Alinitazama tumboni, kana kwamba mimi ndiye mwenye mimba, akasema, "Na kwako?"

Nikamweleza kwa upole kwamba sisi ni watu wengine, na majina yetu yamepangwa. Wa kwanza wa kiume ni baba yangu, wa kike ni mama yangu. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akasema ataketi kidogo, mvua iishe.

Mvua ilikuwa imekwisha kitambo.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ukipewa mashine ya marehemu uifungue, fungua kile ulichotumwa na uache kingine. Usijiwekee nakala ya majina ambayo huna mtoto wa kuyapa. Na ukiyakuta mbele yako, funga midomo.

Mke wangu anatarajia kujifungua wiki ijayo. Jina tunalo. Naomba tu mtoto alipokee.