Usinijibu "Sawa" Ukiwa Umelala

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu Nyamizi, nilipokuwa mhudumu wa wodi ya wanawake katika hospitali moja hapa Mwanza. Umri wangu ulikuwa pungufu kidogo ya wako wa sasa. Nilikuwa na ndoo, ufagio, na sifa ya kufanya kila jambo kwa utaratibu. Siku hiyo sifa yangu nusura imuue bibi wa watu.

Katika wodi ile tulikuwa na desturi ya kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda. Saba amekula, kumi na mbili anaomba maji, tatu ameruhusiwa. Ilirahisisha kazi na hakuna aliyeona ubaya wake.

Kitanda namba kumi na moja alilazwa Bibi Kabula, aliyevushwa kwa kivuko kutoka Sengerema akiwa na kidonda kibaya mguuni. Bintiye ndiye aliyemuuguza. Choo kilikuwa upande wa pili wa wodi, na kila alipokwenda bibi alilia njia nzima. Karibu na mlango wa choo, kitanda namba saba, alilazwa mama mwenye kisukari ambaye alitembea vizuri tu. Niliwauliza wote wawili, wakakubali, nikawabadilisha. Nikahamisha na mafaili. Kisha nikaenda kumwambia daktari.

Daktari wa zamu alikuwa Elias, kijana aliyekuwa amemaliza chuo na yuko katika mwaka wa mafunzo, kama wewe sasa. Aliingia kazini asubuhi ya jana yake na hakuwa ametoka. Nilimkuta kwenye sinki akinawa uso.

"Daktari, nimewabadilisha saba na kumi na moja. Bibi wa mguu sasa yuko saba."

"Sawa."

"Mafaili nayo nimeyahamisha."

"Sawa, sawa, Masanja. Asante."

Nikaondoka nimeridhika. Nimefanya, nimetoa taarifa, nimejibiwa. Ningekuwa na daftari siku ile ningeweka alama ya vema.

Ilipofika saa nne wauguzi wawili waliokuwepo walikuwa wameshikwa na mgonjwa aliyetapika damu. Elias aliwaonea huruma. Akasema, "Endeleeni, insulini ya saba nitachoma mwenyewe." Akaivuta kwenye sindano kwa kipimo sahihi kabisa, akaenda hadi kitanda namba saba, akasalimia vizuri, akachoma. Faili lilining'inia miguuni pa kitanda. Hakulifungua, kwa sababu kichwani mwake saba alikuwa bado ni mama wa kisukari.

Haikupita saa moja, binti wa bibi akanishika mkono.

"Kaka, njoo umwone mama. Anatokwa jasho kama aliyenyeshewa, na mimi ananiita kwa jina la shangazi."

Nilipofika, bibi alikuwa anatetemeka na macho yamempotea. Nilimwita Sista Leokadia, muuguzi kiongozi wa wodi, mama mfupi wa Ukerewe ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Siku ile alikimbia. Alimtoboa bibi kidole, akatazama kipimo cha sukari, akaona imeshuka mno, akasema neno moja tu, "Glukosi." Walimtafuta mshipa mkono wa kulia wakaukosa, wakaupata wa kushoto. Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni, sakafu niliyoipiga deki mimi, akirudia, "Mama, tulikuja kwa ajili ya mguu. Mama, ni mguu tu."

Dawa iliingia. Baada ya muda bibi alifumbua macho, akamtazama bintiye, akauliza, "Mbona uko chini, umeanguka?"

Hapo ndipo nikapumua. Na nilipopumua nikaanza kujitetea, maana ndivyo walivyo vijana.

"Sista, mimi nilimwambia daktari. Alinijibu sawa, mara mbili."

Sista alikuwa anafuta mikono. Hakuinua sauti.

"Macho yake yalikuwaje?"

"Yalikuwa wazi, Sista."

"Nenda pale sokoni, Masanja. Sato wote wamelala mezani macho wazi. Yupi kati yao yuko macho?"

Akatundika kitambaa ukutani.

"Ulimwona mtu hajalala tangu jana, ukamkabidhi uhai wa watu wawili, akakupa neno moja nawe ukaenda zako. Ungemwambia akurudishie mwenyewe ulichosema. Asingeweza. Ungejua hapo hapo."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi tangu siku ile. Unajua sikupata shule ya juu. Ufundi huu wa mashine za hospitali niliupata kwa kusoma vijitabu vya maelekezo vilivyotupwa, kamusi ikiwa pembeni. Nimesoma na vya usingizi. Sikukuta ndani yake jambo kubwa kuliko aliloniambia Sista kwa samaki wake. Mtu aliyekosa usingizi huendelea kutembea, kusalimia, hata kupima dawa sawasawa. Kinachoondoka kwanza ni kile kinachomfanya ajue kwamba amechoka.

Elias tulimkuta kwenye ngazi. Aliuliza, "Nimemchoma nani?" Hata alipojibiwa aliuliza tena. Sista alimpeleka kwenye stoo ya mashuka, akamtandikia juu ya marobota, akaniweka mimi mlangoni. "Hapiti mtu." Kisha akaenda kumweleza daktari bingwa mambo yote, bila kuficha hata lake: kwamba zamu ya Elias aliiona ni ndefu mno akaiacha iendelee.

Bingwa alikuja amekasirika. Nilisikia kila neno.

"Kijana legelege. Sisi wakati wetu tulikaa siku mbili, na hatukufa."

"Nyinyi hamkufa, daktari," alisema Sista. "Mimi naulizia wagonjwa."

Yule mzee alisogea hadi mlangoni. Alimtazama Elias aliyelala na viatu, akanitazama mimi na ufagio wangu, akageuka akaondoka. Elias hakufukuzwa. Alipoamka alikwenda kwa Bibi Kabula na bintiye, akawaambia kwa mdomo wake alichokosea. Na tangu juma lile, katika wodi yetu, mgonjwa aliitwa kwa jina lake, na aliyepewa taarifa aliirudia kwa maneno yake kabla mkono haujagusa dawa. Vijana wa mafunzo walitucheka mwanzoni kwamba tumekuwa kasuku. Sista aliwaambia, "Kasuku yupi amewahi kuua mtu?"

Sasa nije kwako.

Jumanne iliyopita ulitoka zamu, ukalala kwenye bajaji ikakupitisha kituo chetu cha Kiseke hadi mwisho wa safari. Ulipofika nyumbani ulituambia kwa fahari saa ulizokesha, kama mwanariadha. Mdogo wako akakuuliza, "Dada, utakula ugali?" Ukajibu, "Sawa." Akakuuliza, "Dada, nikuuze mnadani na ng'ombe?" Ukajibu, "Sawa." Nyumba nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje, kwa sababu nilisikia sinki ya wodi ile ikitiririka.

Jumatatu unaanza wodi ya watoto. Mtoto hawezi kukuambia kwamba sindano ile si yake.

Nilipokusemesha ulinijibu, "Baba, ukisema umechoka wanakuandika mzembe." Huenda wataandika. Sikwambii ukatae zamu. Najua madaktari ni wachache na wagonjwa wanapanga foleni tangu alfajiri. Nakwambia usifiche. Ukiona umesoma mstari mmoja mara tatu, mwambie muuguzi aliye karibu, "Mimi sasa hivi siaminiki, nihakikishie." Mwite mtoto kwa jina, mguse mama yake, umuulize yeye jina la mwanawe. Fungua faili hata kama unalijua. Ukiletewa taarifa, irudie. Wenzako wakipanga kupokezana saa moja ya kulala, ipokee, na ya mwenzio ilinde kama nilivyolinda mlango wa stoo. Na wakikupangia zamu usiyoiweza, nenda kwa msimamizi wako mchana, ukiwa umepumzika, uzungumze naye kwa heshima, ukirudi bila jibu uende tena. Sista Leokadia hakuwa na cheo kikubwa kuliko yule bingwa.

Yaliyo upande wangu nimeshayatenda. Chumba cha nyuma nimekiwekea pazia zito. Fundi wa kuchomelea jirani yetu tumeelewana: siku unazotoka zamu, geti za watu atazianza mchana. Jogoo tumemla Jumapili, na wewe ulikula paja. Simu yako itakaa kwa mama yako mpaka uamke. Usinibishie katika hili.

Ukikua katika kazi hii, nawe siku moja utawapangia vijana zamu. Utajisikia kutaka kuwaambia kwamba wewe ulikesha na hukufa. Nakuomba siku hiyo uwaulizie wagonjwa.

Mungu akupe mikono mitulivu na usingizi mzito, akuwekee watu wa kukuhakikishia kila unapodhani umeelewa, na kila mtoto utakayemshika arudi mgongoni kwa mama yake akiwa mzima. Amina.

Na ukimaliza kusoma, usinijibu sawa. Njoo hapa barazani, ukae, unirudishie kwa maneno yako nilichosema.