Ghala la Mahindi la Ntalikwa

Nimeitembea njia ya zamani ya misafara vipande vipande, Ujiji hadi Bagamoyo, na sijaona upumbavu uliovaa nguo safi kama ule wa Tabora, mji wangu. Wakati wa vita vya Korea nilikuwa mkalimani wa maofisa watatu wa Kiingereza. Walikuwa wakipanga, kwa siri kubwa, serikali ikajifiche wapi bomu la atomiki likianguka Dar es Salaam. Wakachagua Ntalikwa, shamba la shangazi yangu, alimozikwa mumewe, wachimbe handaki humo.

“Mwambie ni ghala la mahindi,” mkubwa wao aliniagiza.

Nikamwambia. Shangazi akauliza, “Mahindi gani hayo yanayozikwa?”

Siri yenyewe waliizungumza mezani, mpishi akiwapakulia supu, kana kwamba alikuwa kabati. Mpishi huyo alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi.

Siku shangazi aliyoamriwa kuhama, majirani walikuja kama msibani. Shimo la maofisa lilikuwa karibu na kaburi. Mpishi akashuka ndani, akalala chali, kama watani wafanyavyo mazikoni wakidai chao.

“Sitoki bila jogoo,” akasema. “Nyie Wanyamwezi mlizoea mizigo ya pwani, sasa mtambeba gavana na kitanda chake. Atomiki ikishuka Dar atalala humu, na wewe, mtani wangu mjane, utamsongea ugali.”

“Ataula na nini? Na ramani zake?” shangazi akajibu.

Watu wakaangua kicheko.

“Mpishi anasema nini?” mkubwa, aliyekuwa amesimama kando, akaniuliza.

“Anadai jogoo, bwana.”

Lakini atomiki ni atomiki hata kwa Kiswahili. Uso ulimwiva.

Kabla jua halijazama soko zima lilikuwa likiulizana gavana anakoroma au hakoromi. Maofisa wakamfukuza mpishi, wakaanza kula vya kwenye makopo. Watu waliojiandaa kwa mwisho wa dunia hawakuweza kuchemsha yai. Siri ilipowaponyoka, wakarudi shambani na askari kung’oa vigingi vyao vya kupimia; shangazi alikuwa hajahama bado.

“Mwambie ghala halihitajiki tena,” mkubwa alisema, bado kaushikilia uongo wake.

“Basi afukie shimo lake,” shangazi akasema, “na askari wake wasinikanyagie matuta.”

Akashika jembe, akaanza kuinulia udongo viazi walivyokuwa wamevivuruga, bila kuwangoja waondoke.