Mlango Ulitoka Safi, Mama Mkwe Hakutoka

Nimekosa, na safari hii sina wa kumsingizia. Jina langu liacheni. Babati wapiga picha tunajuana wote, nikitaja tu mtaa wenye studio yangu nimeshajianika.

Niseme moja kwa moja. Nilimnyima marehemu mama mkwe wangu kitu kimoja alichoniomba, kisha nikambebesha kosa langu mtu asiye na hatia.

Mzee aliyenifundisha kazi aliniachia kamera yake ya filamu, ile ambayo kila kitu unafanya kwa mkono. Unachungulia kwenye kidirisha, unamwona mtu wako na kivuli chake pembeni, unazungusha lenzi taratibu mpaka mtu na kivuli wakutane. Wakikutana, umempata. Niliipenda ile kamera kupita kiasi, nakiri.

Lenzi yake ikaota ukungu ndani, ikafa. Kununua nyingine ya aina ile sikuwa na ubavu. Ndipo nikaona mtandaoni watu wanachukua lenzi za kamera za zamani zilizokuwa zinatafuta fokasi zenyewe, zile zinazolia ziii ukibonyeza, wanazitoa kwenye maganda yake na kuzifunga kwenye kamera za mkono kama yangu. Na picha zao, jamani! Nikachanganyikiwa kabisa.

Mnadani nikapata kamera mbovu ya namna hiyo, mwili umekufa lakini kioo kizima. Nikaipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma. Akanichongea pete ya kuishika lenzi, pamoja na kijidole cha chuma cha kukiambia kidirisha lenzi inatazama umbali gani. Siku ananikabidhi akanionya.

"Kaka, hiki kidole nimekikadiria kwa macho tu. Usiifanyie kazi ya mtu kabla hujaipima. Ipime mbali, halafu uipime na karibu."

"Poa, fundi," nikasema, huku nimeshaanza kuondoka.

Mbali niliipima. Niliupiga Mlima Kwaraa, nikatuma filamu Arusha kwa baba mmoja anayesafisha, maana hapa kwetu sijui mtu anayesafisha filamu siku hizi. Kwaraa ikarudi safi, miti unaihesabu. Nikatembea na kamera shingoni mji mzima kama bwana harusi.

Karibu sikuipima. Niliona uvivu kumaliza filamu nyingine nzima kwa kupiga picha za rula juu ya meza. Uvivu tu, hakuna kingine!

Mama mkwe alikuwa mtu wa Dareda, akaja kukaa kwetu kwa ajili ya matibabu ya presha. Alikuwa hapendi kabisa mambo ya picha. Ukimnyanyulia simu anajifunika kanga. Sasa siku moja akarudi kutoka kwenye maziko ya jirani, amenuna.

"Baba Neema," akaniita, "yule dada wametanguliza mbele ya jeneza picha ya kitambulisho. Amekodoa macho kama amekamatwa na mahindi ya watu. Mimi mkinifanyia hivyo, nitaamka."

Tulicheka sana. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Na mimi ninayo hiyo hiyo moja. Nilipigwa nimeshinda na njaa kwenye foleni. Wewe si ndiyo kazi yako? Nipige moja nzuri, ya kutangulia nayo."

"Nitakupiga, mama. Nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga," nikamjibu, na nilikuwa namaanisha.

Jumapili baada ya ibada akavaa gauni lake la zambarau, akafunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wetu wa stoo. Mke wangu akatoa simu.

"Ngoja na mimi nipige mbili tatu za simu."

Nikamkaripia. Mbele ya mama yake! "Weka hiyo simu, unamharibia mkao. Mama anastahili picha, siyo vitu vya simu."

Mama Neema akairudisha simu mfukoni. Yangu nayo ilikuwa kwenye mfuko wa shati, inanigonga kifuani kila nikiinama. Mpaka leo nikiikumbuka ile simu natamani kujipiga makofi.

Nilimpiga filamu nzima. Namwona kwenye kidirisha, kivuli kinamfuata, kinamkuta, nabonyeza. Mwanzoni alikaza uso, baadaye akalegea, mwisho akacheka kabisa mpaka pengo lake likaonekana. Kila mara ananiuliza, "Umenipata?" Namwambia, "Nimekupata, mama."

Wiki ya tatu presha ikapanda ghafla. Alifariki tukiwa njiani kumpeleka hospitali.

Filamu ilikuwa Arusha. Nikampigia yule baba, akaniharakishia, akanitumia picha zote kwenye simu asubuhi ile watu wamejaa nyumbani wanapanga maziko. Nikajifungia chooni kuzitazama.

Mungu wangu! Mlango wa stoo ulikuwa umetoka kama unaweza kuubishia hodi. Kufuli, kutu, rangi iliyobanduka, misumari yote. Na mbele ya mlango, mama, uso kama umepakwa uji. Macho hayapo. Lile cheko halipo. Nikaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, zote hivyo hivyo. Kidirisha kilikuwa kinaniambia nimempata mama, kumbe lenzi inatazama nyuma yake.

Nikazifuta zote kwenye simu, hata moja sikuacha. Nilipotoka, Mama Neema alikuwa amesimama pale nje na macho yake mekundu.

"Zimekuja?"

"Yule fundi wa Arusha ameiunguza filamu," nikasema. "Dawa zake mbovu. Hakuna kilichotoka."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nilisema.

Tukamzika Dareda. Shemeji yangu mkubwa alitangulia mbele ya jeneza na picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, mama amekodoa macho, ana njaa. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache. Watu walidhani nalia kwa uchungu wa mkwe.

Mke wangu anauza mitumba, huwa anafuata mzigo Arusha. Miezi miwili baadaye akaenda, na bila kuniaga akapita kwa yule fundi. Jioni aliporudi hakuvua hata viatu.

"Nilimtukana," akaniambia. "Mbele ya wateja wake. Nikamwambia amemuua mama yangu mara ya pili. Mzee wa watu akaningoja nimalize. Ndipo akachukua bahasha, akainua negativu zetu, ile filamu yenyewe iliyosafishwa, kwenye taa. Akaniambia, 'Mama, dawa mbovu haichagui. Ingeharibu na mlango. Hebu tazama misumari.'"

Akaiweka ile bahasha mezani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile ya maziko, ulijua?"

"Nilijua, Mama Neema."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga!

"Ungesema picha zimekushinda, ningelia na ningekusamehe," akasema. "Ujuaji wako nimeuzoea tangu uchumba. Lakini wewe ulinyamaza mpaka nikaenda kumtukana mtu."

Kuanzia siku hiyo ananipikia, ananifulia, mbele za watu ananiitikia vizuri tu. Ndugu zake wakiuliza habari za zile picha, anawajibu kwamba filamu iliungua. Analinda jina langu. Ila akishasema hivyo hanitazami, na kila akisema naona ananitoka kidogo zaidi. Sioni cha kumrudisha.

Yule fundi wa Arusha nilimpigia kumwomba radhi. Akasikiliza, akaniuliza taratibu, "Mimi umeniomba. Wale wateja waliokuwepo siku ile, utawapata wapi?"

Lenzi nimeshaipima sasa, mbali na karibu. Fundi wa vyuma alikisogeza kile kidole kidogo tu, kazi ya dakika chache. Inapiga vizuri mno. Nimeifungia kabatini.

Wewe unayesoma, kama mzee wako yupo na simu iko mfukoni, itoe sasa hivi. Mpige hata kama kidole chako kimeingia pembeni. Utaalamu wako ujaribie kwenye rula, usiujaribie kwa mama wa mtu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa utabaki kama mimi, umesema kweli na haimsaidii mtu yeyote!

Zile negativu ninazo, naziinua dirishani mara kwa mara. Ule mlango una misumari kumi na minne, na naujua hata uliopinda. Uso wa mama mkwe ndio nimeanza kuusahau.